"Aina hii haisikii mionzi": jibu kwa dada wa Kisauni

"Asalaam aleikum, Daktari. Kakangu ana miaka 39, ni dereva wa lori pale bandarini. Karibu mwaka mzima alikuwa akitoka damu akienda choo kikubwa. Tukaambiwa ni bawasiri, akapewa dawa za kupaka, akanywa na mwarobaini. Mwezi uliopita ndipo alipopimwa kwa kamera na kukatwa kinyama. Ripoti inasema ni saratani ya puru, adenokasinoma ya aina ya ute, na kwamba zimeonekana pia seli za pete ya muhuri. Daktari mmoja ametwambia aina hii haisikii mionzi. Lakini jirani yetu hapa Kisauni, Mombasa, alikuwa na saratani hiyo hiyo ya puru, akapigwa mionzi, akapasuliwa, na huu ni mwaka wa nne anakwenda msikitini kwa miguu yake. Je, mionzi haitamfaa kakangu? Tuiruke, tuchange pesa tumpeleke India? Na mjomba anashikilia kwamba kile kinyama kilichokatwa ndicho kilichouamsha ugonjwa. Mamangu halali."

Wa aleikum salaam, dada. Pole sana, na umpe pole mamako.

Nianze na mjomba, maana lake ndilo jepesi. Kinyama kinachokatwa kwa kamera hakizidi punje ya mchele. Huo uvimbe ulikuwa ukivuja damu karibu mwaka mzima kabla chombo chochote hakijaugusa, haukungoja kuamshwa. Kinachotokea ni kwamba familia husikia jina la ugonjwa wiki ile ile ya kipimo, na wiki zinazofuata mgonjwa anadhoofika kwa sababu ugonjwa ulikuwepo, basi lawama zinakiangukia kipimo. Bila kinyama kile tusingejua aina, na bila aina wewe usingekuwa na swali zuri hivi la kuuliza.

Na yule aliyesema bawasiri? Kwa mtu wa miaka 39, damu ya choo mara nyingi kweli ni bawasiri. Kosa ni kutoa dawa mwezi baada ya mwezi bila kuingiza kidole. Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana, na saratani zake nyingi zinafikiwa na kidole kilichovaa glavu, kazi ya dakika moja. Huku kwetu wanaume wanakikimbia kidole hicho, na sisi madaktari nasi tunaona haya kukitaja, ndipo dawa za kupaka zinapopata soko. Muda uliopita haukubadilisha aina ya saratani ya kakako. Unaweza kuwa umebadilisha hatua iliyofikia, na hilo hatulijui mpaka apigwe picha.

Sasa tuje kwenye ripoti.

Saratani za puru zaidi ya 9 kati ya 10 ni adenokasinoma, yaani zimezaliwa katika seli zinazotengeneza ute wa kulainisha njia. Nyingi kati ya hizo ni za kawaida: seli zimejipanga ovyo lakini bado zinajaribu kuunda vijifereji vya tezi. Naamini ya jirani yenu ilikuwa hiyo, kwa sababu ndiyo ya wengi.

Aina ya ute ni nyingine. Hapa seli za saratani zinamwaga ute kupita kiasi hadi zenyewe zinaelea ndani yake, kama mbegu za bamia zilizopikwa zikayeyuka. Kwa kanuni ya wataalamu wa patholojia, wale wanaosoma vinyama kwa hadubini, uvimbe unaitwa wa ute pale ambapo zaidi ya nusu yake ni ute ulio nje ya seli. Katika saratani za utumbo mpana na puru zikihesabiwa pamoja, hii ni kama 1 katika kila 10.

Seli za pete ya muhuri nazo hufanya jambo jingine: ute haumwagwi nje, unabaki ndani ya seli, unaijaza mpaka kiini kinasukumwa pembeni na kubanwa ukutani. Chini ya hadubini unaona duara tupu lenye uvimbe mdogo upande mmoja, mfano wa pete ya fedha ya sonara wa Mji wa Kale. Saratani ambayo zaidi ya nusu ya seli zake ni za namna hii ndiyo inayostahili jina kamili la saratani ya seli za pete, na ni adimu, kama 1 katika 100. Huonekana zaidi kwa vijana kuliko kwa wazee.

Ripoti yenu, kama ulivyoinakili, haisemi kakako ana saratani ya seli za pete. Inasema ana aina ya ute, na seli za pete zimeonekana. Je, ni asilimia 5 au 45? Hilo ndilo swali la kwanza la kurudi nalo maabara. Na hata wakijibu, kumbuka punje ile ya mchele imetoka kona moja tu ya uvimbe. Hesabu ya kuaminika hupatikana uvimbe mzima ukishatolewa. Kwa hiyo yeyote aliyemkatia kakako hukumu kwa maneno yale mawili amekwenda mbio kuliko ripoti yenyewe.

Je, aina ya ute haisikii mionzi? Inasikia, ila masikio yake ni mazito, na kuna mantiki yake.

Mionzi huua seli kwa kuvunja nyuzi zake za jeni, na uharibifu huo unahitaji oksijeni ili ushike. Mahali penye damu nyingi, mionzi hufanya kazi vizuri. Dimbwi la ute halina mishipa ya maana. Seli zilizo katikati yake zinaishi kwa oksijeni kidogo. Dawa za kemo nazo husafiri kwa damu, basi zinafika hapo zikiwa zimepungua nguvu. Ndiyo maana kwa saratani ya kawaida ya puru, baada ya mionzi pamoja na kemo, kama mgonjwa 1 kati ya 6 anapasuliwa na hakuna seli hata moja ya saratani inayoonekana tena. Kwa aina ya ute bahati hiyo huwapata wachache zaidi. Daktari wenu hakusema uongo. Amekata maneno tu.

Alichoacha kusema ni hiki, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu familia nyingi hukata tamaa katika hatua hii. Ute hauna uhai. Seli zikifa, ute zilizoumwaga haufi nazo, unabaki palepale kama maji ya mvua yaliyotuama baada ya wingu kupita. Mgonjwa anamaliza mionzi, anapigwa picha ya MRI, na uvimbe uko vilevile au umepungua kiduchu. Katika picha ile ute hung'aa mweupe, uwe na seli ndani au usiwe nazo. Familia inaambiwa "dawa haikushika". Kisha mpasuaji anautoa, patholojia inauchambua, na pengine wanakuta madimbwi ya ute matupu, bila seli. Ute mtupu wa namna hiyo hauhesabiwi kuwa saratani iliyobaki.

Niliwahi kukosea hapo mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwambia mzee mmoja na wanawe kwamba mionzi imeshindwa, kwa sababu nilipima picha kwa rula. Majibu ya upasuaji yalikuja yakanionyesha seli chache mno, zimetawanyika ndani ya ute mwingi. Nilirudi kuwaomba radhi. Tangu siku hiyo, kwa mgonjwa wa aina ya ute, sitoi neno "imeshindwa" kwa ukubwa wa uvimbe peke yake.

Tena, hata kwa saratani ya kawaida, kazi kubwa ya mionzi si kuufuta uvimbe. Ni kuzuia ugonjwa usirudi nyongani baada ya upasuaji. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2004 ulilinganisha kutoa mionzi na kemo kabla ya upasuaji na kuvitoa baada yake: ndani ya miaka 5, ugonjwa ulirudi palepale kwa asilimia 6 ya waliotangulizwa mionzi, dhidi ya asilimia 13 ya waliocheleweshwa. Basi msiiruke mionzi kwa sababu ya neno la patholojia. Ikirukwa, irukwe kwa sababu MRI imeonyesha uvimbe wa mapema ambao kisu peke yake kinautosha, na uamuzi huo ni wa jopo la madaktari waliokaa pamoja na picha mbele yao.

Umeuliza kwa njia ya kuzunguka kama kakako ataishi. Nitakujibu bila kuzunguka.

Kinachoamua zaidi ni hatua, kabla ya aina. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ya puru ikikutwa bado haijatoka mahali pake, kama wagonjwa 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5. Ikikutwa imeshafika viungo vya mbali kama ini au mapafu, ni chini ya 2 kati ya 10. Aina huongeza au kupunguza juu ya hapo. Kwa aina ya ute iliyotibiwa kwa utaratibu wa sasa na kupasuliwa vizuri, tafiti hazikubaliani: baadhi zimekuta wagonjwa wanafanya vibaya kidogo, nyingine zimekuta wanakwenda sambamba na wenzao wa hatua ile ile. Kwa saratani kamili ya seli za pete hakuna ubishi, ni kali. Huenda haraka kwenye tezi za limfu, na inapenda kujipanda kwenye utando unaofunika matumbo, tena kwa punje ndogo ambazo picha ya CT huzikosa. Ndiyo sababu ya kusisitiza ile asilimia. Ikiwa seli za pete ni nyingi, mpasuaji anaweza kutaka kuchungulia tumbo kwa kamera ndogo kabla ya mpango wowote mkubwa, na ataonekana anachelewesha kumbe anawaokoa na upasuaji usio na faida.

Kuna kipimo kimoja ambacho hukukitaja, nami nakiona muhimu kuliko safari ya India. Kinaangalia protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Kazi yao ni kusahihisha makosa seli inaponakili jeni zake. Mojawapo ikikosekana, makosa yanarundikana na saratani inazaliwa, lakini saratani hiyo ina sura ngeni kiasi kwamba kinga ya mwili inaweza kuitambua ikiamshwa. Kati ya saratani za puru ni kama 5 katika 100 tu zilizo hivyo, lakini kwa mtu wa miaka 39 mwenye aina ya ute siwezi kulala bila kuuliza.

Kwa nini? Kwa sababu kwa kundi hilo dogo mambo yamepinduka. Mwaka 2022, madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa taarifa ya wagonjwa 12 wa saratani ya puru wenye upungufu huo waliopewa dawa ya kuamsha kinga iitwayo dostarlimab, kila wiki 3 kwa miezi 6. Wote 12 uvimbe uliyeyuka usionekane kwa kamera, kwa MRI wala kwa kidole, bila mionzi wala kisu. Kundi hilo limeongezeka tangu hapo na matokeo yamebaki mazuri. Sikupi habari hii ili mkauze shamba. Bei ya dawa hizo bado iko juu sana kwa familia nyingi za hapa. Ila mtu hawezi kutafuta mlango asioujua, na kama protini haipo, mpango mzima hubadilika, hata maongezi na bima.

Habari njema ni kwamba hakatwi tena. Kile kinyama kimehifadhiwa maabara ndani ya kibonge cha nta, na kipimo kinafanywa kwa kukata utando mwembamba wa kibonge hicho na kuupaka rangi maalumu. Ombeni kibonge chenu. Ni haki yenu, na kinasafiri kwa bahasha.

Hapo ndipo ninapoijibu India. Mionzi ya kule ndiyo mionzi ya huku. Ipo ya siku 5 mfululizo, na ipo ya wiki 5 na ushei inayoendana na vidonge vya kemo. Hiyo ndefu ina maana ya nyumba ya kupanga, chakula na msindikizaji kwa muda wote huo. Watu wa Pwani tunaijua gharama ya namna hiyo. Kwa miaka mingi mgonjwa wetu wa mionzi alipanda basi la usiku kwenda Nairobi akalale kwa jamaa. Kabla ya kupeleka mtu, pelekeni karatasi: kibonge, picha za MRI na CT, na ripoti, vikasomwe na jicho la pili. Mara nyingi jibu linalorudi ni mpango ule ule mliopewa nyumbani.

Penye kustahili kuhangaikiwa ni kwa mpasuaji. Puru imefunikwa na mfuko wa mafuta wenye tezi ndani, na upasuaji mzuri ni ule unaoutoa mfuko huo mzima bila kuutoboa. Mwingereza Bill Heald ndiye aliyewafundisha wapasuaji njia hiyo tangu miaka ya 1980, na imeokoa watu wengi wasirudiwe na ugonjwa. Kwa uvimbe wa ute ni muhimu maradufu, kwa sababu ukitoboka unamwagika. Muulizeni mpasuaji, kwa heshima lakini bila haya, puru ngapi anatoa kwa mwaka, na kama kesi ya kakako imejadiliwa na jopo. Kama hajaona MRI ya nyonga na bado anataja tarehe ya upasuaji, ombeni asubiri.

Mtasikia pia habari za wagonjwa ambao uvimbe uliyeyuka kwa mionzi wakaachwa bila kupasuliwa, wakichunguzwa kila baada ya miezi michache. Njia hiyo ilianzia São Paulo kwa daktari Angelita Habr-Gama na ni ya kweli. Kwa aina ya ute mimi naiogopa, maana ute unaobaki huficha seli zisionekane. Kama protini zote nne zipo, nitamshauri kakako apasuliwe.

Akipasuliwa huenda akavaa mkoba wa kinyesi tumboni, wa muda au wa kudumu kutegemea umbali kati ya uvimbe na msuli unaobana njia ya haja kubwa. Wanaume wengi hapa huniuliza kuhusu udhu na sala kabla ya kuniuliza kuhusu maumivu. Wanazuoni wanalichukulia kama udhuru wa kudumu, na shehe wenu ataeleza utaratibu wake. Sijawahi kuona mkoba ukimfukuza mtu msikitini. Aibu ndiyo iliyofukuza watu.

Mambo mawili ya haraka. Mionzi ya nyonga huua mbegu za uzazi. Kama kakako bado anataka watoto, aseme kabla ya siku ya kwanza, ili aulizwe kuhusu kuhifadhi. Na mwarobaini pamoja na dawa nyingine za kienyeji viwekwe kando wakati wa kemo, au angalau vitajwe. Sisemi kwa dharau. Ini moja haliwezi kusafisha vyote.

SHA, bima ya afya ya taifa, ina kifurushi cha saratani chenye kikomo kwa kila kaya kwa mwaka. Hakikisheni usajili na malipo yake yako sawa sasa, kabla ya tiba kuanza, na idhini ipatikane mapema. Kliniki ya saratani ya Makadara, hospitali kuu ya Pwani, itawaeleza kipi kinalipiwa na kipi mtajazia.

Msisubiri kliniki kama tumbo litajaa gesi, asiweze kujamba wala kwenda choo, na aanze kutapika: huo ni utumbo ulioziba, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo akitoka damu nyingi hadi kizunguzungu. Akiwa kwenye kemo, joto likifika 38, au akiharisha mfululizo, asimeze panadol na kulala. Aende akapimwe damu mara moja.

Mwisho ni wewe mwenyewe, dada, ambaye hukujitaja kabisa. Protini ikikosekana, huenda familia yenu inarithishana tatizo la jeni liitwalo Lynch, nanyi ndugu mtapimwa damu. Atakayekutwa nalo ataanza kuchunguzwa kwa kamera akiwa na miaka 20 hadi 25, kila mwaka mmoja au miwili. Hata kama protini zote zipo, ndugu wa tumbo moja na mtu aliyeugua kabla ya miaka 50 anapaswa kuanza kuchunguzwa miaka 10 kabla ya umri aliougua mwenzake. Kwa hesabu ya kakako, hiyo ni miaka 29. Kama umeshaifika, usingoje dalili. Majibu ya zile protini nne yakitoka, pamoja na MRI, niandikie tena nikusomee.